Mtu Aliyeitwa Choka

Ilford, 9 Machi 1987

Bwana Chaman,

Nimekuita Ami tangu sijaota meno ya pili. Leo kalamu imekataa, kwa hiyo nakuita Bwana, kama wanavyoitana watu wasiojuana. Simu sitapiga. Masikio yako siku hizi hayaelewani na simu, na mimi nikisikia sauti yako nitatoa maneno ambayo marehemu mama hakunifundisha.

Nimekisoma kitabu chako. Siku ulipokizindua pale ukumbini Kingsbury tulikaa mstari wa mbele, mimi na baba, tukakupigia makofi mpaka viganja vikatuwasha. Nilifurahi kwamba mtu wa kwetu amekaa London akaandika kwa Kiswahili habari za Anatole Bressieux, Mfaransa aliyekuja Unguja na Pemba miaka mia na sitini na kitu iliyopita kukusanya majani na kuchora samaki. Nilisoma kwa raha kuwa baba yake alikuwa akitengeneza mawigi ya matajiri, na kuwa yeye mwenyewe alikuwa akilala chini ili kitanda kibaki kwa majani yaliyokuwa yakikauka kati ya karatasi. Kisha nikafika ukurasa wa arobaini na moja. Nakunukulia maneno yako mwenyewe:

"Huko Pemba Bressieux alihudumiwa na mtumishi mmoja mvivu, aliyempa jina la Choka kwa sababu kila walipopanda kilima alilalamika kuwa amechoka."

Huyo ni nani, kama si Shoka, babu wa babu yake baba yangu? Mimi ni Suad binti Faki Shoka. Jina hilo limo kwenye pasipoti yangu na limebandikwa mlangoni kwetu hapa Ilford. Habari za Shoka na Mfaransa alikupa baba mwenyewe, jikoni kwa mkeo Bi Jaya, wewe unaandika na chai yako inapoa. Bila ya yeye usingejua hata kwamba palikuwa na Mfaransa wa kutafutwa.

Jumamosi, wiki mbili zilizopita, tulikwenda harusini. Kumbe mtu mmoja pale amekisoma kitabu. Alimvutia baba kiti akamwambia, "Kaa, Mzee Choka, usije ukachoka." Meza nzima ikacheka. Baba akatabasamu, akakaa kidogo, kisha akaniambia twende zetu. Pilau hakuigusa. Ijumaa iliyofuata hakwenda msikitini, na hii ya juzi pia hakwenda, kwa sababu waliocheka ndio anaoswali nao.

Nataka sentensi hiyo uifute. Na nataka uniambie uvivu huo umeutoa wapi.

Suad


Kingsbury, 14 Machi 1987

Mwanangu Suad,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nina miaka sitini na sita, na sijapata kuandikiwa hivyo hata na watu wa uhamiaji Croydon, ambao kazi yao ni kuandika barua mbaya.

Miaka sita nimepanda treni kila Jumanne kwenda makumbusho. Kule hawaruhusu wino, penseli tu, na mikono unaosha mbele yao. Daftari la Bressieux limeliwa na wadudu pembeni, na mwandiko wake unakwenda kama msafara wa sisimizi. Kifaransa nimejifunza nikiwa na mvi, nimekaa dawati moja na wasichana wanaotaka kwenda Paris kutembea. Mtu huyu alifia baharini akirudi kwao, ana miaka thelathini na minane, masanduku yake yakauzwa hapa London, yakakaa yamefungwa. Mimi ndiye niliyeyafuata. Na humo nimeona kwa macho yangu, mara arobaini na tatu: C, h, o, k, a. Ulitaka nifanye nini? Nibadilishe daftari la marehemu ili nimfurahishe rafiki yangu?

Kila ukoo unapenda kuwa na babu shujaa. Babu yangu mimi alikuwa akisifiwa kuwa alishuka Pemba na upanga wa fedha. Nilipokuja kuuliza vizuri, nikaambiwa alishuka na ndoo.

Sasa nikwambie ambalo baba yako hakukwambia. Ukurasa huo nilimsomea kabla sijaupeleka kwa mchapaji. Ilikuwa Novemba, sebuleni kwangu, nikamsomea neno kwa neno. Aliniangalia muda mrefu, hakusema kitu, nami nikageuza ukurasa. Kama lilimuuma angesema. Ulimi anao.

Na la pili, bora ulisikie kwangu. Tarehe 6 Juni makumbusho wanafungua maonyesho ya kazi za Bressieux. Maneno ya kadi za ukutani wameyachukua kwenye kitabu changu wakayatia Kiingereza, na jina langu limo chini ya kila kadi. Kadi ya Choka imo. Mwisho wa kubadilisha maneno ni tarehe 24 Aprili, na mimi sioni sababu ya kubadilisha.

Jaya anakusalimu. Ameninunia, lakini hiyo si hoja.

Ami yako,
Chaman Popat


Ilford, 2 Aprili 1987

Bwana Chaman,

Barua mbili nilizokuandikia nilizichana, ndiyo maana nimechelewa. Hii ya tatu ina ushahidi, sitaichana.

Nilimwuliza baba kama ni kweli ulimsomea. Akasema ni kweli. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akaniambia nimpe miwani, akajifunika na gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita.

Hospitalini ninapofanya kazi nina mwenzangu, nesi kama mimi, jina lake Faustine. Ni mtu wa Bukavu, Zaire, na Kifaransa amekisoma tangu mdogo. Wakati wa chai nilimwonyesha kitabu chako, ile picha uliyoitia ya ukurasa wa daftari lenyewe. Aliliona neno akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akaniambia, "Suad, hii haiko choka. Mufaransa akiandika c na h anasoma sh. Hii ni shoka, ile ya kukatia miti."

Kisha akanionyesha mstari wa chini yake, Bressieux alipoandika chumvi. Ameandika tchoumvi, na t mbele. Akiitaka che yetu anaitia t. Asipoitia t, ni she. Faustine alihitaji dakika moja, na kikombe chake mkononi.

Hilo peke yake lingekuwa kosa, na mtu akikosea husamehewa. Lakini nilirudi nyumbani nikafungua ile orodha ya maneno uliyoiweka mwisho wa kitabu, na hapo nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Bressieux ameandika chaba, wewe umeandika shaba. Ameandika chamba, wewe umeandika shamba. Chamba hukuiacha ilivyo, kwa sababu ulijua Mfaransa hakuwa akisimulia habari za chooni. Ulitumia akili. Shaba uliijua, shamba ulilijua, mtu ndiye hukumjua. Ulipokuta Mpemba anaitwa Choka uliona ni sawasawa, hukuona haja ya kutazama tena.

Na uvivu? Faustine amezisoma picha zote nne za daftari, neno mvivu hakuliona. Nilikuuliza mwezi uliopita ukanijibu habari za upanga na ndoo. Nakuuliza tena.

Binti yangu Rukia ana miaka kumi. Skuli yao itawapeleka kwenye maonyesho hayo. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, wewe unamjua. Basi atasoma ukutani, kwa lugha anayoielewa kuliko zote, kwamba babu zake walikuwa wavivu, na chini yake ataliona jina la Ami Chaman anayempa peremende.

Zimebaki siku ishirini na mbili.

Suad


Kingsbury, 11 Aprili 1987

Mwanangu Suad,

Ni mimi Jaya. Chaman hajui kama nakuandikia, na akijua shauri yake.

Barua yako ilifika Jumamosi. Aliisoma akasema huna adabu. Akasema huyo Faustine ni nesi, anajua nini habari za madaftari ya kale. Nikamwambia na wewe ulikuwa muuza dawa za kikohozi. Alipiga meza, chai ikamwagika juu ya kitambaa cha mama yangu, na siku tatu hatukusemezana.

Jumanne alitoka na penseli zake kama kawaida. Alirudi na chakula chake hakijaguswa. Tangu hapo yumo chumba cha nyuma na karatasi zake, nikipita namsikia akisoma kwa sauti, sha, cha, sha, cha, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Usimwonee huruma, mimi mwenyewe simwonei. Nimekuandikia ili ujue kuwa barua yako haikutupwa.

Wako,
Jaya


Kingsbury, 22 Aprili 1987

Suad,

Mwanangu sitakuita mpaka uniruhusu.

Nimekwenda makumbusho Jumanne tatu, nikalisoma daftari lote upya. Ni Shoka. Mara zote arobaini na tatu ni Shoka. Bressieux anaandika: Shoka amepanda mtini, ameniletea ua nililolingojea siku tisa. Shoka amenitajia jina la mti huu na jina la mti unaofanana nao, nami nilidhani ni mmoja. Shoka amekataa kuukata ule mkubwa, amenieleza sababu, nimeona haya. Bressieux aliposhikwa na homa huko Ngezi, Shoka alimbeba mgongoni mpaka Wete, siku mbili, kisha akarudi peke yake kuyachukua majani yasinyeshewe. Haya yote niliyasoma miaka mingi iliyopita, Suad. Nilivyoyaandika kitabuni ni hivi: "Mtumishi alimsaidia kufika pwani."

Tchoka yenye t imo mara moja tu, ukurasa wa mwisho kabla hajapanda meli. Ameandika kwa Kiswahili chake, nimé tchoka. Chini yake akaeleza kwa Kifaransa kwamba neno hilo alifundishwa na Shoka, ambaye yeye Bressieux hakupata kumsikia akilisema juu ya nafsi yake. Aliyechoka alikuwa Mfaransa.

Sasa swali lako, ambalo nimelikimbia. Uvivu haumo daftarini. Umetoka dukani kwa baba yangu, Wete. Baba alikuwa na neno hilo kwa kila aliyebeba gunia la karafuu, wavivu hawa, wavivu hawa, asubuhi mpaka jioni, na mimi nimekua nalisikia. Nilipokuta Mpemba na neno choka, mkono ulimaliza sentensi wenyewe, na ile habari ya kulalamika kilimani niliitunga mimi. Maisha yangu yote nimejiona mtu asiyefanana na baba yake.

Jana niliwapelekea makumbusho masahihisho kwa mkono wangu. Mama anayeshughulikia kadi alisema zimeshakwenda kuchapwa, wamewahi kabla ya tarehe yao wenyewe, labda watazirekebisha mwakani. Nikamwambia kama ni hivyo aliondoe jina langu kwenye kadi zote. Akaniambia nitulie. Nikamwambia sijapata kutulia kama leo, nikakaa kwenye kiti chake cha wageni mpaka wakafunga milango. Sijui watafanya nini.

Baba yako nimemwandikia pia. Nimemwomba radhi, na nimemwuliza kwa nini alinyamaza siku ile. Hajanijibu.

Chaman


Ilford, 27 Aprili 1987

Chaman,

Barua yako ilifika. Suad alinisomea, kisha nikaisoma peke yangu.

Unauliza kwa nini nilinyamaza. Hapa London mimi na wewe tunataniana. Mimi nakuita mla dengu, wewe unaniita mvivu, Jaya anatufukuza jikoni. Uliponisomea ukurasa ule nilidhani ni utani, umeuandika makusudi ili unichokoze, na ukimaliza utacheka unionyeshe ukurasa wa kweli. Nilikuwa nangojea ucheke. Ukageuza ukurasa. Basi nikajua kuwa siku zote hizo aliyekuwa akitania ni mimi peke yangu.

Tena nikwambie, kwa kuwa umelitaja duka. Miaka kumi na tisa nililifungua duka la baba yako alfajiri, nyinyi mmelala. Mlango ule ulikuwa na komeo la juu lililoshika kutu, halifunguki mpaka ulisukume kwa bega, na bega langu la kulia linalikumbuka mpaka leo kila baridi ikianza. Baba yako akishuka anakuta kumeshafagiliwa na gunia la kwanza limeshapimwa, anasema, Faki mvivu, umechelewa tena. Wewe ulikuwa ukicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kulisha. Usije ukadhani tulikuwa tunacheka jambo moja.

Nilipokukuta hapa Uingereza baada ya yale mapinduzi ya kwetu, wewe umefukuzwa na mimi nimekimbia, nilisema sasa hakuna duka kati yetu. Akiniita mvivu ni utani wa kweli, nami nitaupokea. Niliupokea miaka minane.

Radhi ya barua siitaki. Na usije sasa. Ramadhani imekaribia, na nataka kufunga bila ya kuona uso unaonitia hasira.

Faki Shoka


Ilford, 7 Juni 1987

Bwana Chaman,

Jana tulikwenda, baba, Rukia na mimi. Tulikutafuta tukaona hukuja.

Kadi wameibadilisha. Hawakuchapa mpya. Wamepiga taipu karatasi ndogo wakaibandika juu ya ile ya zamani, pembe moja haijashika, inanyanyuka. Lakini imeandikwa Shoka, imeandikwa kuwa ndiye aliyemtajia Bressieux majina ya miti, na kuwa alimbeba mgongoni siku mbili. Rukia aliisoma kwa sauti kuliko ilivyohitajika, watu wakageuka. Jina lako halimo. Nimetazama kadi zote thelathini na moja, halimo hata moja. Walikusikiliza yote mawili.

Baba alisimama pale akaisoma mwanzo mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaibonyeza ile pembe kwa kidole gumba ishike. Mlinzi akaja akamwambia haruhusiwi kugusa. Baba Kiingereza anakijua, lakini alimjibu kwa Kiswahili.

"Ni yangu," akamwambia, na kidole hakukitoa.

Mlinzi aliniangalia mimi. Sikumtafsiria. Rukia ndiye aliyemtafsiria, na yule mlinzi akaondoka akaenda kusimama mbele ya samaki.

Nakala uliyotuletea kwa posta imefika. Nimeona ulivyoikata sentensi kwa wino na ulivyoandika pembeni kwa mkono wako. Bi Jaya ameniambia unafanya hivyo kwa kila nakala iliyobaki garaji, na waliokwisha kununua unawaandikia mmoja mmoja. Yule bwana wa harusini ameshapata barua yake. Alikuja siku ya Idi kumwomba baba radhi, na Ijumaa walikwenda msikitini pamoja.

Hasira zangu bado ninazo. Zimepungua makali, hazijakwisha, na sitajifanya zimekwisha kwa sababu ya karatasi yenye pembe moja iliyonyanyuka. Endelea na zile nakala.

Suad


Ilford, 8 Juni 1987

Chaman,

Ramadhani imekwisha, Idi imepita, na kadi nimeiona. Njoo Jumapili tarehe 14, baada ya saa nne asubuhi. Njoo na Jaya.

Chukua yale makaratasi yako ya penseli. Utakaa mbele yangu unisomee kila mahali alipotajwa, mara zote arobaini na tatu, nami nitazihesabu kwa vidole. Usiruke hata moja, na usitie la kwako. Suad atakuwepo. Hajakuruhusu bado kumwita mwanao, hilo mtamalizana wenyewe.

Jina liko mlangoni, juu ya kengele, lisome vizuri kwanza. Kengele imeharibika, kwa hiyo piga hodi, ungojee. Mlango nitakufungulia mimi, nimewakataza wengine. Ukiona nachelewa usimwambie Jaya kitu, kaa hapo nje usubiri. Milango ya kwenu nimeshaifungua mingi, Chaman, na safari hii nimechoka kweli, ile yenye t mbele.

Faki Shoka